Simu ya bei nafuu au ya daraja la juu? Mwongozo wa mnunuzi wa Dodoma

Ukipita maduka ya simu katikati ya mji, kuanzia Jamatini hadi jirani na soko la Majengo, utaona simu mbili zimelazwa kwenye kabati moja. Rangi zinafanana, ukubwa unafanana, hata majina yanakaribiana. Moja inauzwa laki mbili na nusu, ya pili laki sita. Muulize muuzaji tofauti yake, na jibu la kwanza litakuwa kamera. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuamua kabla hujafika kwenye kabati hilo, kwa sababu ukishafika pale na hela mfukoni, anayeamua ni muuzaji.

Nauweka msimamo wangu wazi mapema. Hela ya ziada ina maana ikikununulia vitu vitatu: nafasi ya kumbukumbu, miaka ya masasisho, na uwezo wa kustahimili jua na vumbi la huku kwetu. Ikiwa inakwenda kwenye megapikseli na jina, ibaki nyumbani.

Hatua ya 1: Simu yako iliyopita ilikufaje?

Kumbuka simu mbili za mwisho ulizomiliki. Kila moja ilidumu muda gani, na nini kiliitoa mikononi mwako? Majibu huwa ya aina tatu. Kuna iliyopotea au iliyoibwa kwenye msongamano wa daladala. Kuna iliyopasuka kioo, ukaona heri ununue nyingine. Na kuna iliyozeeka: ikaanza kuganda, ikajaa, chaji ikawa haifiki adhuhuri.

Hiyo ya tatu ndiyo pekee inayotibiwa na simu ya bei ya juu. Anayepoteza simu kila mwaka akinunua ya laki sita, atapoteza ya laki sita. Huyo namshauri bila kusita achukue ya bei nafuu, aivalishe kava nene, na awashe huduma ya kutafuta simu iliyopotea siku hiyohiyo anapoweka akaunti yake ya Google.

Kisha andika kazi ambazo simu isipozifanya utakwama. Ziandike kweli, kwenye karatasi, na uziache pembeni zile unazozitamani tu. Mama anayeuza nyanya soko la Job Ndugai anahitaji kupiga, kupokea malipo, na WhatsApp ya kuulizia mzigo. Kutuma na kupokea pesa kwa menyu ya nyota hakuhitaji hata simu janja. Mtumishi wa Mji wa Serikali Mtumba anafungua ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, kuomba likizo, anasoma barua za PDF, na yumo kwenye makundi ya WhatsApp ya idara yasiyolala. Mwanafunzi wa UDOM anapakua slaidi na kuzisoma hadi usiku wa manane. Mpiga picha wa sendofu na kipaimara anakula kwa kamera. Bodaboda wa Nkuhungu anataka ramani inayosomeka saa saba mchana. Nitawarudia hawa watano baadaye.

Hatua ya 2: Gawa bei kwa miezi

Bei ya dukani peke yake haikwambii simu ipi ni ghali. Igawe kwa miezi unayotarajia kukaa nayo, ukiongozwa na majibu ya hatua ya kwanza.

Tuseme simu ya 250,000 itakuchosha baada ya miezi 18. Hiyo ni karibu shilingi 13,900 kwa mwezi. Ya 600,000 ukikaa nayo miaka minne, yaani miezi 48, ni shilingi 12,500 kwa mwezi. Kwa mtu anayetunza vitu, ile ghali imekuwa nafuu. Sasa rudia hesabu kwa mtu ambaye simu zake hazimalizi mwaka: ya bei nafuu inamgharimu karibu 20,800 kwa mwezi, ya juu inamgharimu 50,000. Simu ni zilezile; kilichobadilika ni mkono unaozishika.

Ongeza na vya kuandamana nayo. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel huja na kichwa cha chaji ndani ya boksi. Samsung iliacha kuweka kichwa cha chaji kwenye Galaxy S kuanzia S21 ya mwaka 2021, na iPhone nazo haziji nacho. Kichwa halisi cha chaji ya haraka, kava na protekta vinaweza kukupunguzia bajeti kiasi cha kukushusha daraja moja, kwa hiyo viingize kwenye hesabu leo.

Hatua ya 3: Kumbukumbu, na ujanja wa alama ya kujumlisha

Kama una nafasi ya kusoma hatua moja tu, soma hii, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia.

Simu ina kumbukumbu mbili. RAM ndiyo inayoshikilia programu zilizo wazi kwa wakati mmoja. Ikiwa ndogo, ukitoka WhatsApp kwenda kwenye programu ya benki na kurudi, kila kitu kinaanza upya. Hifadhi ya ndani ndiyo inayobeba picha, video na programu zenyewe. Simu ya 64GB haikupi 64GB: mfumo na programu zilizokuja nayo huweza kula 15 hadi 20 kabla hujapiga picha hata moja. Zinazobaki zinamalizwa na kamati ya harusi, kikoba, kwaya na ukoo, kila kundi na video zake. Hifadhi ikikaribia kujaa, simu nzima huwa nzito, na mwenyewe husema imechoka wakati kwa kweli imeshiba.

Angalia sasa lile boksi. Limeandikwa 16GB kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo 8GB+8GB. Nambari iliyo baada ya alama ya kujumlisha imekopwa kutoka kwenye hifadhi ya ndani, nayo ni ya polepole kuliko RAM yenyewe. Muulize muuzaji moja kwa moja: "Kaka, RAM yake halisi ni ngapi?" Kisha ingia mwenyewe kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, uhakikishe.

Vipimo vyangu ni hivi. RAM halisi ya 4GB inamtosha mtu wa kupiga, WhatsApp na Facebook. Ukitaka kukaa na simu miaka mitatu au zaidi, nenda 8GB halisi, na 6GB iwe ya mwisho kukubali. Hifadhi iwe 128GB. Ya 64 naikubali kwa mzazi kijijini anayezungumza na wajukuu kwa video, basi.

Aina ya hifadhi nayo ina uzito. Simu nyingi za chini hutumia eMMC, za juu hutumia UFS, ambayo husoma na kuandika kwa kasi zaidi. Ndiyo maana Redmi 13C yenye eMMC na Redmi Note 13 yenye UFS zinaweza kuwa na GB sawa, lakini zikatofautiana mno unapofungua programu nzito.

Kuna jambo moja ambalo daraja la chini linashinda, na wauzaji hawalisemi. Galaxy A16 ya Samsung ina nafasi ya memori kadi. A56, inayouzwa ghali zaidi, haina. Galaxy S hazijawa nayo tangu S21, na iPhone hazijawahi kuwa nayo. Mwenye picha nyingi anayetaka kuongeza nafasi kwa hela ndogo alijue hili kabla ya kupanda daraja.

Na kabla hujaruka kwenda kwenye modeli ya juu, uliza kama modeli hiyohiyo ina toleo lenye kumbukumbu kubwa zaidi. Kutoka 4GB na 128GB kwenda 8GB na 256GB ndani ya modeli moja huwa ni ongezeko dogo la bei, na mara nyingi ndilo ulilokuwa unalihitaji tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Hesabu miaka ya masasisho

Masasisho ndiyo yanayoziba mianya ya usalama na kuiwezesha simu kuendelea kupokea programu mpya. Simu isiyosasishwa haifi siku moja. Inaanza kukataliwa: programu ya benki inagoma, kisha nyingine, mwishowe WhatsApp. Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4, ikataka 5.0 kwenda juu. Mei mwaka huohuo ikataka iPhone ziwe na iOS 15.1 au zaidi.

Hapa bei haikuongozi vizuri. Galaxy A16, ambayo ni simu ya kati ya chini iliyotoka mwishoni mwa 2024, iliahidiwa masasisho ya miaka sita. A56 nayo iliahidiwa sita. Galaxy S24 na Pixel 8 ya Google ziliahidiwa saba. Upande wa pili kuna simu za bei sawa na A16, au hata zaidi, ambazo ahadi yake ni fupi mno au haikuandikwa popote. Ukikuta mbili zinakaribiana bei, moja ina ahadi ya miaka sita na nyingine inajisifu kwa megapikseli 108, chukua ya miaka sita.

Angalia tarehe pia. Miaka hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipoingia sokoni, haisubiri siku wewe unapolipa. Simu ya daraja la juu ya 2021 iliyokaa kabatini hadi leo imekula sehemu kubwa ya umri wake ikiwa ndani ya boksi. Kwenye mipangilio kuna sehemu inayoonyesha tarehe ya mwisho ya sasisho la usalama. Kwa simu mpya, ikiwa tarehe hiyo iko nyuma zaidi ya mwaka na simu haipati sasisho jipya ukiiunganisha na Wi-Fi, irudishe kabatini.

Hatua ya 5: Jua, vumbi na joto la Dodoma

Tathmini nyingi za simu zimeandikwa na watu wanaoishi kwenye mvua na kivuli. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni jua, upepo na vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye sufuria lililofunikwa.

Anza na kioo. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Simu nyingi za bei ya chini hutumia kioo cha LCD chenye niti 400 hadi 600 hivi, na juani utalazimika kukikinga kwa kiganja. Kuanzia niti 800 kwenda juu mambo hubadilika, hasa kioo kikiwa AMOLED, aina ambayo kila nukta yake hujiwashia mwanga wake. Usitegemee namba peke yake: muombe muuzaji utoke na simu mlangoni mchana, pandisha mwanga hadi mwisho, fungua ramani. Kama husomi jina la mtaa pale, hutalisoma barabarani.

Kisha vumbi. Ukiona alama ya IP ikifuatiwa na tarakimu mbili, ya kwanza inahusu vumbi na ya pili maji. Watu hukimbilia ile ya maji, lakini kwa Dodoma ya kwanza ndiyo yako. Tano maana yake vumbi linaweza kupenya kidogo bila kuharibu kazi. Sita maana yake halipenyi. A16 ni IP54, A56 ni IP67. Kwa anayeshinda site ya ujenzi Ihumwa au shambani kwa zabibu Hombolo, tofauti hiyo ni hela halali. Kwa anayeshinda ofisini, haina haraka. Simu isiyo na alama kabisa itunze kwa kava linalofunika tundu la chaji, na tundu likijaa vumbi lisafishe kwa njiti ya mbao simu ikiwa imezimwa. Pini ya chuma ikae mbali.

Joto linaua betri. Apple inashauri iPhone zitumike kwenye joto la mazingira lisilozidi nyuzi 35, na betri za lithiamu za kampuni nyingine zina maumbile hayohayo. Oktoba na Novemba mchana wetu hupita nyuzi 30, na ndani ya gari lililofungwa juani hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo chaji ya haraka ya wati 45 au 67 ni nzuri umeme unapokatikakatika, lakini ichajie kivulini na usicheze gemu ikiwa kwenye chaji.

Bodaboda asome hapa vizuri. Mwaka 2021 Apple ilitoa onyo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone zenye kituliza mtikisiko, kile kinachoifanya picha isitikisike. Simu nyingine zenye kituliza cha namna hiyo nazo zina vipande vidogo vinavyocheza ndani ya kamera. Ukifunga simu kwenye usukani kila siku, ya daraja la juu iko hatarini zaidi kuliko ya chini isiyo na kifaa hicho.

Hatua ya 6: Mtandao na kamera

5G ipo mjini. Ukishaelekea vijiji vya Mpwapwa, Kondoa au Bahi utashukuru ukipata 4G iliyotulia. Usiongeze hata elfu hamsini kwa ajili ya 5G peke yake, ila hakikisha laini zote mbili zinapokea 4G. Anayeletewa iPhone na ndugu kutoka Marekani afahamu kwamba kuanzia iPhone 14, zinazouzwa kule hazina sehemu ya kuweka kadi ya laini. Zinatumia eSIM tu, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu yenyewe. Uliza mtandao wako kwanza.

Kuhusu kamera nitasema machache. Megapikseli 50 kwenye simu ya bei ya chini kwa kawaida hutoa picha ya 12 na ushei, kwa kuunganisha pikseli nne kuwa moja. Kinacholeta picha nzuri ya usiku ukumbini ni ukubwa wa kihisi, kituliza mtikisiko, na programu inayochakata picha. Kamera ya pili na ya tatu zenye megapikseli 2 zipo kupendezesha mgongo wa simu. Ukitaka kujua ukweli, piga picha kwenye kona yenye giza ndani ya duka, kisha ivute uone sura.

Hatua ya 7: Muulize fundi bei ya kioo kabla ya kununua

Chagua simu mbili unazozifikiria, nenda kwa fundi unayemwamini, na umuulize: "Fundi, kioo cha hii orijino ni bei gani, na unacho hapa au mpaka kitoke Kariakoo?" Swali hili peke yake limewaokoa wengi. Vipuri vya Tecno, Infinix na Samsung za A hupatikana kwa urahisi. Modeli adimu huagizwa Dar es Salaam na unakaa bila simu ukisubiri mzigo.

Kioo cha AMOLED ni ghali kuliko LCD. Mafundi wengine hufunga LCD ya kopi kwenye simu iliyozaliwa na AMOLED: inawaka, lakini rangi hufifia, na kama alama ya kidole ilikuwa chini ya kioo haisomi tena. Mimi nikikuta kioo halisi kinazidi theluthi moja ya bei ya simu, na mnunuzi ana historia ya kuangusha, namwambia ashuke daraja.

Hatua ya 8: Mpya ya chini au ya juu iliyotumika?

Kwa laki sita hiyohiyo unaweza kupata simu ya daraja la juu iliyotumika, zile zinazoitwa za Dubai. Kwa kamera na kasi, mara nyingi inashinda mpya ya bei hiyo. Lakini rudi hatua ya nne: iOS 26 ya Septemba 2025 iliziacha iPhone XR na XS, na bado zinauzwa kama mali ya maana. Kwenye iPhone, afya ya betri ikiwa chini ya asilimia 80, hesabu na betri mpya. Hakikisha akaunti ya mwenye simu wa kwanza imeondolewa mbele yako. Ikibaki, umenunua pambo. Na iliyowahi kufunguliwa usiamini kwamba bado inazuia maji na vumbi.

Kuhusu mkopo wa simu: jumlisha kianzio na malipo yote hadi mwisho, ndipo ulinganishe na bei taslimu. Nyingi hufungwa kwa mbali ukichelewa rejesho. Kwa anayetegemea simu kupokea oda za wateja, siku mbili za kufungiwa zinauma kuliko kutumia ya bei nafuu aliyoilipia yote.

Sasa wale watano. Mama wa nyanya: ya bei nafuu, RAM 4GB halisi, 128GB, betri ya mAh 5000. Mtumishi: ya kati, 8GB, masasisho ya miaka sita, kasi ya juu zaidi ya hapo hataiona kwenye PDF. Mwanafunzi mwenye laki sita ningemsihi achukue simu ya laki mbili na nusu na kinachobaki akielekeze kwenye laptopu iliyotumika, kwa sababu kazi za chuo huandikwa huko. Mpiga picha: ya daraja la juu, hata iliyotumika, mradi masasisho yapo. Bodaboda: kioo chenye mwanga mkali, isiyo na kituliza cha kamera, yenye IP54 angalau.

Hatua ya 9: Siku ya kununua

Nenda mchana na laini yako. Fungua boksi mwenyewe. Piga *#06#, itatokea namba ya IMEI, utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Jibu litakutajia kampuni na modeli. Kama haviendani na ulichoshika, ondoka. Simu bandia zilizimwa kwenye mitandao ya nchi hii Juni 2016, hivyo hatari hiyo si ya kuhadithiwa.

Ingia Play Store, kwenye mipangilio yake, uone kama kifaa kina cheti cha Play Protect, yaani kimethibitishwa na Google. Weka laini, piga simu, jirekodi sauti, jaribu spika, gusa kila kona ya kioo, chomeka chaji. Kwa Samsung, *#0*# hufungua majaribio ya kioo kwenye modeli nyingi.

Dai risiti ya EFD yenye jina la modeli, na waranti iandikwe ni ya mtengenezaji au ya duka, na itahudumiwa Dodoma au Dar. Risiti iweke ndani ya boksi na boksi libaki nyumbani, kwa sababu namba ya IMEI iliyobandikwa juu yake ndiyo utakayohitaji ukienda polisi kutoa taarifa ya upotevu.